Spika ya Kiti cha Nyuma

Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, na utupu huo ulikuwa na uzito. Joram alikuwa akirudi Asembo Bay peke yake, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Nyuma yake hakukuwa na mtu wa kuguna gari likiingia shimoni, wala wa kuanza wimbo wa kanisani na kuuacha katikati kwa sababu pumzi imekwisha. Mto haukuwepo. Blanketi la kijani halikuwepo. Hata ile sauti ya kike iliyokuwa ikizungumza Kijapani kila gari lilipowashwa ilikuwa imekatwa na mafundi. Ndani ya ukimya wote huo, karibu na Holo, akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu wanunue gari lile: mvumo mwembamba kutoka nyuma, upande wa kushoto, kama pumzi ya mtu aliyelala vizuri.

Lakini aliyekuwa akilala hapo hakuwemo.

Jina lake ni Anyango, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alikuwa akinunua samaki ufukoni Asembo. Mitumbwi ikivutwa mchangani, yeye alikuwa hapo na beseni lake, sketi ameikunja hadi magotini, akifanya jambo moja kabla ya kutamka neno lolote la bei. Alimshika samaki, akafunua shavu lake kwa kidole gumba na kutazama wekundu wa ndani. Ngozi hakuitazama. Ngozi, alisema, mtu anaweza kuimwagia maji ikang'aa. Shavu ndiko samaki anakopumulia, na huko hakuna wa kupaka rangi. Aliwakaanga samaki hao na kuwauza Kisumu, na siku ambazo Kisumu ilikuwa imejaa samaki aliwapeleka hadi soko la Sondu, akarudi jioni na viazi na vichekesho. Joram wakati huo alikuwa akishika mizani ya ushirika pale ufukoni. Walijuana kwa sababu Anyango alimwambia mbele ya watu kwamba mizani yake inapenda wavuvi kuliko inavyopenda wanawake. Joram alikasirika kwa wiki nzima. Wiki iliyofuata alimtuma shangazi yake akaulize habari za kwao.

Walizaa, walisomesha, wakajenga nyumba ya mawe inayotazama maji. Kila asubuhi Anyango alikunywa chai mlangoni akiangalia ziwa kana kwamba kuna kitu alikuwa amekiweka huko na anahakikisha kipo. Halafu figo zake zikashindwa. Daktari akasema damu itakuwa ikisafishwa kwa mashine Kisumu, Jumanne na Ijumaa, na kwamba siku hizo si za kuahirishwa.

Mwanzoni walikwenda kwa magari ya abiria. Kwenda hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kurudi. Anyango alitoka kwenye mashine akiwa kama nguo iliyokamuliwa, anataka kulala tu, na akalazimika kukaa wima katikati ya watu na magunia hadi Ndori, kisha pikipiki hadi nyumbani. Mtoto wao mkubwa, Ochieng, alipendekeza mama apangiwe chumba mjini karibu na hospitali. Kageha, Mmaragoli aliyekuwa akiuza samaki pamoja na Anyango zamani, alikuwa na vyumba vya kupangisha katika mtaa wa Manyatta, Kisumu, na alisema kimoja kinamsubiri. Anyango alikataa. Alisema yuko tayari kuugua, lakini nyumbani kwake. Joram hakubishana naye. Alikwenda kutafuta gari ambalo mkewe angeweza kulala ndani yake. Gari likiwa zuri, Anyango angelala kitandani pake kila usiku. Likiwa bovu, Manyatta. Wote wawili walijua hivyo siku walipoingia kwenye yadi ya magari.

Aliyewapokea anaitwa Griffin, kijana wa viatu vilivyochongoka na simu mbili. Aliwaonyesha gari la familia, la fedha, lililotoka Japani. Akaupiga mlango wake kofi la mapenzi.

"Hii ni haibridi, mzee. Hii hata mafuta inanusa tu."

Joram akauliza haibridi ni nini hasa. Griffin akasema ni teknolojia. Teknolojia ya nini? Ya mafuta. Joram alikuwa amesikia kwamba magari ya namna hiyo yana betri kubwa mahali fulani, akauliza betri hiyo iko wapi na inatunzwaje. Griffin akasema betri inajichaji yenyewe, asijisumbue. Kila swali lililofuata lilikuwa na jibu moja: hakuna shida. Alilisema haraka, akitabasamu, kabla swali halijamalizika, kama mtu anayefunga mlango kabla mvua haijaingia.

Anyango alikuwa amelizunguka gari mara mbili. Mwishowe akamwita.

"Kijana, shavu la hii gari liko wapi?"

"Shavu, mama?"

"Mahali inapumulia. Nataka kuona ndani."

Griffin akacheka, akamtazama Joram ili wacheke pamoja, na Joram hakucheka. Griffin akafungua boneti, akaonyesha injini kwa mkono wazi, yote kwa pamoja, kana kwamba anaonyesha mandhari. Kisha akawasha gari, na sauti ya mwanamke ikasema maneno mengi ya haraka, laini, ya Kijapani. Katikati ya maneno hayo lilichomoza moja ambalo Anyango alilidaka: *kado*.

Kwa Kijaluo, *kado* ni mchuzi.

"Baba Ochieng, umesikia?" akasema. "Gari inaitisha mchuzi."

Alicheka hadi akashika mlango. Griffin akaeleza kwamba sauti hiyo inawasalimia, ndivyo magari ya Kijapani yalivyo na adabu. Baadaye sana ndipo mpwa wao mmoja alipowaambia kwamba mwanamke yule hakuwa akimsalimia mtu; alikuwa akidai kadi ya kulipia barabara za huko Japani. Siku ile, hata hivyo, Anyango aliuliza jambo moja la mwisho. Alikuwa amejilaza kwenye kiti cha nyuma kujaribu, na pembeni, jirani na mlango wa kushoto, kichwa chake kilikuwa kando ya kidirisha kidogo chenye vijitundu. Akauliza hicho ni kitu gani.

Griffin aliinama, akatazama kwa muda wa kupepesa jicho.

"Hiyo ni spika, mama. Muziki inatoka hapo."

Ndivyo walivyolinunua.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri, na Joram bado huikumbuka kwa tahadhari, kama mtu anayegusa mahali palipopona nusu. Walitoka alfajiri, wakapita Ndori na Kombewa jua likipanda. Jioni walirudi, Anyango amejinyoosha nyuma, miguu ameikunja, blanketi la kijani hadi mabegani. Kila gari lilipowashwa, mwanamke wa Kijapani alidai mchuzi wake. Siku ambazo Anyango alikuwa na nguvu alimjibu: subiri, samaki bado hajaiva. Siku ambazo kichefuchefu kilimshika hakutaka sauti yoyote, na kwa kuwa aliambiwa sauti inatoka pale kwenye vijitundu, alichukua mto wake akauziba mdomo wa spika. Akalaza kichwa juu yake. Sauti ilionekana kupungua. Au alitaka ipungue. Tangu siku hiyo mto ukawa na mahali pake, na blanketi juu ya mto.

Januari ilipokuja na joto lake, gari likaanza kuumwa. Lilianza kwa kuishiwa nguvu kwenye mwinuko. Kisha taa nyekundu ya pembetatu ikawaka kwenye dashibodi. Kisha, jioni moja kabla ya Kombewa, likazima kabisa, na Joram akasimama kando ya barabara na mke mgonjwa nyuma, akijifunza namna giza linavyoingia. Baada ya muda likawaka tena, likawafikisha nyumbani kwa kusitasita.

Kesho yake alilipeleka kwa mafundi wa yadi ileile. Kabla ya kwenda alifanya ambacho angekifanya kila mara baada ya hapo: alitoa mto, akakunja blanketi, akatoa beseni dogo la kutapikia, akafuta kiti. Hakutaka vijana wageni waone kitanda cha mkewe. Kwa hiyo gari lilifika yadi likiwa safi, likipumua vizuri, bila taa yoyote.

Mkuu wa karakana, Naswa, aliliendesha hadi mzunguko wa barabara na kurudi. Alikuwa na fulana yenye jina la kampuni mgongoni na namna ya kumjibu mtu huku akitazama mahali pengine.

"Mzee, hii gari iko sawa."

Joram akaeleza tena. Naswa akauliza anaweka mafuta ya wapi, kwa sababu siku hizi watu wanauziwa mafuta yaliyochanganywa. Wakabadilisha plagi. Gari likazima tena Ijumaa iliyofuata. Wakabadilisha oili. Likazima. Wakasema ni sensa. Joram akauliza sensa ya nini, na fundi mmoja akasema sensa tu, ziko nyingi. Alipoomba wapime kwa ile mashine ya kompyuta, aliambiwa mashine ipo lakini imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko Eldoret kwa mafunzo. Alipoomba kujua mafunzo ya nini, akaambiwa ya mashine hiyo.

Akatumwa kwa upande wa mauzo, kwa kuwa huenda gari lina udhamini. Mauzo wakamrudisha kwa karakana, kwa kuwa udhamini unaanzia kwa ripoti ya karakana. Karakana wakasema hawawezi kuandika ripoti ya gari lisilo na tatizo. Msichana wa mapokezi alimletea maji ya kunywa kila mara, kwa upole wa kweli, na kila mara alimuuliza upya jina lake na shida yake, kana kwamba mzee huyu ameanguka kutoka mawinguni asubuhi ile. Ndani ya Joram kulianza kujengeka kitu kigumu. Ujinga hakuuogopa; alikuwa ameshika mizani maisha yake yote na anajua kuna siku ambapo mtu husema sijui, tungoje jua lichomoze tuone vizuri. Kilichomchosha ni kwamba pale yadi hakuna aliyewahi kusema sijui. Walikuwa na jibu la kila kitu, na kila jibu lilimrudisha barabarani na Anyango nyuma.

Safari moja alirudi kuchukua gari, Naswa akatoka akifuta mikono, ameridhika.

"Mzee, tumemaliza. Tumetoa ile kelele."

"Kelele gani?"

"Ile ya Kijapani. Tumekata waya. Haitakusumbua tena."

"Sikuleta gari kwa sababu ya kelele," Joram akasema. "Nimelileta kwa sababu linazima njiani."

Naswa akamtazama kwa huruma, akashusha sauti ili wateja wengine wasisikie. Akasema anamheshimu kama baba yake, lakini gari za kisasa zinataka mguu mwepesi, na huenda mzee amezoea kukanyaga. Angeweza kumtafutia dereva.

Njiani siku hiyo Anyango aliposikia gari limewashwa bila sauti, alinyanyua kichwa kutoka kwenye mto. Akauliza mwanamke amekwenda wapi. Joram akamwambia. Walipopita uwanja wa ndege Anyango akasema: "Hawakumpa hata mchuzi." Akarudisha mto mahali pake, kwa mazoea sasa, akalala.

Jumanne moja ya Februari walizimikiwa na gari karibu na Holo wakienda, wakiwa wamechelewa kutoka. Hii ndiyo safari anayoiona Joram akifumba macho. Kwenda, si kurudi. Anyango alikuwa na maji mwilini tangu Ijumaa, miguu imejaa, amelala kwa sababu kukaa kulimshinda, na jua la saa nne lilikuwa limelishika bati la gari kama kikaango. Taa ya pembetatu iliwaka, injini ikasita, kila kitu kikazima. Joram alipiga simu karakana. Akaambiwa azime, awashe. Alikuwa amezima na kuwasha hadi kidole kikamuuma. Akaambiwa basi fundi atatumwa. Fundi hakuja. Mwenye lori la mchanga ndiye aliyewachukua hatimaye, Anyango amekaa mbele, ameegemea dirisha, akivuta pumzi fupi fupi kama aliye majini. Walipofika, mashine yake ilikuwa imepewa mgonjwa mwingine. Akawekwa wodini kwa oksijeni hadi mashine ilipopatikana, na kwa muda Joram alikaa kwenye benchi la ukumbi akisikia pumzi ile bado, ingawa mlango ulikuwa umefungwa.

Alipopata nguvu za kusema, Anyango hakuomba arudishwe nyumbani. Alimwambia Joram ampigie Kageha.

"Nitalitengeneza," Joram akasema. "Nitalipeleka Nairobi."

"Baba Ochieng, mimi sijakataa nyumbani." Alikuwa akitazama dari. "Nimekataa Holo."

Kageha alikuja mwenyewe kuwachukua. Alikuwa amepiga deki chumba na kuweka pazia, na alipoona Anyango anatazama dirisha linalofungukia ukuta wa jirani, akamwambia: "Mama Ochieng, hapa ziwa hakuna, lakini kelele ya watu ipo ya kutosha. Utalala kwa hasira tu." Anyango akacheka kidogo. Mto na blanketi la kijani vikabaki kitandani pake. Gari, ambalo mafundi walikuwa wamelifuata Holo na kulikuta likiwaka bila tatizo, Joram alilichukua yadi, akaondoka peke yake.

Na ndipo alipousikia ule mvumo.

Alisimamisha gari palepale Holo, mahali lilipozimia, injini ikiendelea kuunguruma. Akafungua mlango wa nyuma. Mvumo ulitoka kwenye kile kidirisha cha vijitundu. Akaweka kiganja. Hakuna sauti iliyokuwa ikitoka. Hewa ilikuwa ikiingia. Akachukua kitambaa chake cha mkononi, akakisogeza, na vijitundu vikakivuta kutoka vidoleni, vikakishika. Kitambaa kikabaki pale, kimebanwa, kikitetemeka kidogo katikati. Joram alikaa kwenye ukingo wa kiti, miguu nje, akakitazama. Akaona mto. Akaona blanketi juu ya mto, na kichwa cha Anyango juu ya vyote viwili, safari baada ya safari. Akajiona mwenyewe akivitoa kila alipokwenda kwa mafundi, akilifuta gari liwe safi, akilirudishia pumzi yake kabla ya kulipeleka kwa daktari.

Aligeuza gari, akarudi mjini.

Griffin alikuwa amepandishwa cheo. Alikuwa na meza sasa. Alikuja nje bila haraka, akamsalimu mzee kwa mikono miwili, akasema amefurahi kumwona. Joram akamwonyesha kidirisha.

"Hiki ni kitu gani?"

"Spika, mzee. Si nilikuambia?"

Joram akakiweka kitambaa. Kikashikwa. Griffin alikitazama kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane Joram aliona kitu usoni pake kikitafuta mahali pa kusimama. Neno "sijui" lilikuwa limefika mdomoni mwake. Joram alilingoja.

"Hizi gari ni za kisasa," Griffin akasema. "Spika zake ziko hivyo."

Naswa akaitwa. Hakuinama kutazama, alipiga simu makao makuu Nairobi, akaiweka wazi wote wasikie. Sauti ya mwanamume huko haikuhitaji hata kuelezwa mara mbili. Hiyo ni njia ya hewa ya betri kubwa, ikasema. Betri iko chini ya kiti cha nyuma, inapozwa kwa hewa inayovutwa hapo. Isizibwe na nguo, mto, wala kitu chochote, hasa wakati wa joto. Ikizibwa, betri inachemka na gari linajizima lisiungue. Na betri iliyochemshwa mara nyingi hivyo, ile sauti ikamalizia, haiwezi kuaminiwa tena: inaweza kwenda mwaka mzima, inaweza kuzima kesho.

Naswa akakata simu, akamgeukia Joram kana kwamba maneno yalikuwa yake tangu mwanzo.

"Unaona sasa, mzee. Kumbe mlikuwa mnaziba hewa. Hukusoma kitabu cha gari?"

Kitabu cha gari kilikuwa mle mle kwenye droo ya mbele, kinene, kizuri, cha Kijapani kutoka jalada hadi jalada. Joram alikitoa akakiweka mikononi mwa Naswa. Hakupaza sauti. Alikuwa amekuja na hasira ya kutosha kuvunja kioo, na sasa alipoitafuta alikuta uchovu umekalia kiti chake. Akasema hataki gari jingine leo, hataki barua, hataki maji ya kunywa. Anataka jambo moja. Akampigia Anyango, akamkabidhi Griffin simu. Mwambie, akasema. Mwambie kwamba ile si spika.

Griffin alishika simu kwa vidole viwili. Akasema mama shikamoo, mama pole sana kwa usumbufu, mama sisi kama kampuni tunajali wateja. Joram akaendelea kumtazama. Hatimaye Griffin akasema ile ya nyuma, mama, si spika, ni hewa ya betri. Gari inavutia hewa hapo.

 Kisha sauti ya Anyango ikatoka, nyembamba lakini wazi, hata Joram akaisikia kutoka alipokuwa.

"Kwa hiyo shavu lilikuwa hapo."

"Shavu gani, mama?" Griffin akauliza.

Alikuwa amesahau. Joram akaichukua simu yake, akakitoa kitambaa kwenye vijitundu, akakikunja, akakitia mfukoni. Nyuma yake alimsikia Naswa akimwambia mteja mwingine kwamba tatizo la mzee yule lilikuwa dogo tu na wao wameshalitatua.

Usiku ule alimuuliza Anyango kwa simu kama angependa kurudi, sasa kwa kuwa ugonjwa wa gari umejulikana. Anyango akauliza mtu wa Nairobi alisema nini kuhusu betri. Joram akamwambia ukweli, yote mawili, la mwaka mzima na la kesho. Anyango akamuuliza ziwa likoje leo. Joram akatoka mlangoni kulitazama, akamweleza kadiri alivyoweza.

Anyango anaishi Manyatta, katika chumba cha pili kutoka lango la Kageha, na Jumanne na Ijumaa huenda hospitali kwa miguu.